Kila mtu na bomba lake, sawa, na kizibo je? Namna ya kujikinga na VVU na homa ya ini kwa anayejidunga

Nianze na kitu nlichokiona kwa macho yangu, Temeke, nyuma ya banda la chipsi. Jamaa watatu wamekaa kwenye mbao, kila mmoja ana bomba jipya la sindano bado liko kwenye karatasi yake, wamenunua duka la dawa asubuhi hiyo hiyo, na mmoja ananiambia kwa kujidai kabisa, "siku hizi hatuchangii bomba kaka, kila mtu na lake, tumeelimika." Nikampa hongera. Dakika tano mbele nawaona wote watatu wanachovya kwenye kizibo kimoja cha soda walichokorogea unga wa heroini, ndani kuna kipande kimoja cha pamba ya kipisi cha sigara, na maji yametoka kwenye chupa moja ambayo mwenzao alishasuuzia bomba la jana humo humo. Bomba tatu mpya, kizibo kimoja, chupa moja. Na wala hawakuwa wajinga, walifanya kile kile walichofundishwa, shida ni kwamba walifundishwa nusu.

Kwahiyo huu mwongozo naandika kwa ajili ya hiyo nusu iliyobaki. Mi nimezunguka maskani, yani vijiwe vya wanaojidunga, kama mwelimishaji wa kujitolea miaka kadhaa, sio daktari, na humu sitamhubiria mtu aache, maana anayejidunga anajua mwenyewe alivyojaribu kuacha mara ngapi. Kama we ndo unajidunga, soma kwa mpangilio. Kama ni mama, dada au mke wa anayejidunga, soma pia, alafu zingatia zaidi sehemu ya mwisho inayohusu nyumbani.

HATUA YA 1: Jua unachopambana nacho, sio kimoja, ni vitatu

Watu wengi wakisikia sindano wanawaza ukimwi tu. Kuna VVU, kuna homa ya ini B, kuna homa ya ini C, na hizi tatu zinapita njia moja, yani damu ya mtu mmoja kuingia kwenye damu ya mwingine, ila tabia zao hazifanani hata kidogo.

VVU ni kirusi dhaifu kikiwa nje ya mwili, lakini bomba linamsaidia, maana ile damu inayobaki ndani inakuwa imefungiwa, haipati hewa wala jua. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa nje ya mwili angalau siku 7 kwenye tone lililokauka na bado kikaambukiza, na Shirika la Afya Duniani wanasema uambukizaji wake ni mara 50 hadi 100 ya ule wa VVU. Cha C ndo sugu wa sindano hasa, wapo watafiti waliowahi kuweka mabaki ya damu yenye kirusi hicho kwenye mabomba wakakikuta bado hai mpaka siku 63. Miezi miwili hiyo. Kwahiyo lile bomba ulilochomeka kwenye paa la makuti ukasema "hili nalijua ni la fulani, limeshakaa sana", kukaa kwake hakujalisafisha.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ya mwaka 2023 ilikadiria watu milioni 13.2 wanaojidunga duniani, kati yao milioni 6.6 wana homa ya ini C na milioni 1.6 wanaishi na VVU. Nusu nzima wana C! Na kwa huku kwetu, namba ya Kenya inayotajwa miaka yote ni asilimia 18.3 ya wanaojidunga kuwa na VVU, wakati namba hiyo inatoka watu wazima kwa ujumla walikuwa kama asilimia 5 na kitu. Yani ukikaa maskani na wenzako kumi, chukulia tu kwamba kuna mtu ana kitu, na pengine mwenyewe hajui, na pengine ni wewe.

HATUA YA 2: Vitu vyako vyote viwe vyako, sio bomba peke yake

Hapa ndo pa kukaa kidogo.

Damu inayoambukiza sio lazima uione. Ukishajidunga, ukachomoa, kwenye bomba kunabaki kidogo kinachoonekana kama maji tu. Sasa hilo bomba likirudi kuchota maji, maji yameingia damu. Likigusa pamba, pamba imeingia damu. Likichovya kwenye kizibo, kizibo nacho tayari. Anayekuja nyuma yako na bomba lake jipya la kwenye karatasi anachota hiyo damu yako kwa bomba safi. Ndo kilichokuwa kinatokea kule nyuma ya banda la chipsi.

Kwahiyo fanya hivi:

Bomba na sindano: jipya kila mara, sio kila siku, kila mara. Najua utaniambia hela, lakini bomba ni bei ndogo kuliko soda, na kete (ile pakiti ndogo ya unga) umeipataje? Kwa Kenya, mashirika ya Pwani na Nairobi yalianza kugawa bomba safi bure miaka ya 2012 na 2013, kulikuwa na makelele sana mwanzoni, watu wakasema mnawafundisha vijana kujidunga, lakini huduma ikaendelea. Dar huduma ya kugawa ni finyu zaidi, wengi wananunua. Kama unajidunga mara tatu kwa siku, nunua za siku mbili asubuhi ukiwa bado na akili zako, usisubiri arosto, yani mateso ya kukosa unga, ikukamate saa nne usiku duka la dawa limefungwa.

Kizibo au kijiko: chako, kiweke alama. Kikwaruze na msumari, kifunge uzi mwekundu, fanya unavyojua lakini ukikiona gizani ujue hiki changu. Ukiona kimechanganyika, tupa, vizibo vya soda viko kila genge.

Pamba: hii ndo watu wanaidharau kuliko vyote na ndo wanaikopeshana kuliko vyote. Kuna wale wanaotunza pamba za zamani, anazikamulia siku akikosa hela, au anampa mwenzake kama zawadi, "chukua pamba zangu ukakamulie". Pamba iliyotumika inabeba damu na inabeba bakteria, na homa kali ile inayokupiga nusu saa baada ya kukamulia pamba kuukuu, na kutetemeka kama una malaria, mara nyingi imetoka humo humo. Pamba itumie mara moja, itupe, usipokee na usitoe.

Maji: kila mtu na chupa yake ndogo. Kama maji ni ya pamoja, yamiminwe kwenye kila kizibo kabla bomba lolote halijagusa. Na ukisuuza, usisuuzie kwenye chupa unayochotea.

Mpira au kamba ya kufungia mkono: na wenyewe uwe wako. Damu inadondoka pale, mikono inashika pale.

Kugawana kete: hapa ndo penye mtego mkubwa, maana watu wanachanga hela, kete moja wanakula wawili. Wanakoroga yote pamoja alafu mmoja anavuta anamsukumizia mwenzake kwenye bomba lake. Ukishafanya hivyo, hata kila mtu awe na bomba lake, kama moja liliwahi kutumika leo hata mara moja mmeshachangia. Gawaneni unga ukiwa mkavu, juu ya karatasi, kila mtu akaweke fungu lake kwenye kizibo chake. Mtagombana kwamba fungu la nani kubwa, sawa, gombaneni tu.

Mikono na ngozi: sabuni na maji, au angalau ile pamba yenye spiriti. Hii haizuii VVU wala homa ya ini ila inazuia majipu, na majipu yana mambo yake nitayasema. Na acha kulamba ncha ya sindano, sijui nani alianzisha hiyo, mdomo una bakteria kibao.

Kuhusu Jik. Watu wote wananiuliza Jik. Kusuuza bomba kwa Jik kunapunguza hatari ya VVU kama ukifanya kwa utaratibu, maji safi kwanza mpaka damu isionekane, alafu Jik likae humo kama dakika mbili huku unatikisa, unamwaga, alafu maji mengine safi ambayo hayajaguswa. Lakini kwa homa ya ini C sio kitu cha kutegemea. Ni la siku ile ambayo hakuna kabisa kabisa njia nyingine. Maji ya moto peke yake, mate, kupuliza, kufuta na shati, hayo yote usihesabu.

Dada zangu niwaambie pembeni: wengi wenu mnadungwa na mpenzi au mshkaji, na anayedunga anajianza yeye, we unakuwa wa pili na bomba hilo hilo, kwa mapenzi. Bomba lako litoke mkononi mwako likiwa kwenye karatasi, na ulione likifunguliwa. Akikasirika kwamba humwamini, mwambie sio wewe, ni bomba.

HATUA YA 3: Panga mapema utafanya nini arosto ikija

Nimewahi kumuuliza jamaa mmoja mwenye VVU na C zote mbili, alichangia lini. Akanambia, "siku zote nilikuwa na langu, isipokuwa siku za arosto." Sasa hapo umeona. Kanuni zote za hatua ya 2 mtu anazijua akiwa ametulia, lakini ukiwa unatapika, unaharisha, mifupa inauma na mafua yanatiririka, ukiletewa bomba lenye damu utalichukua. Kwahiyo mpango unaufanya mapema. Ficha bomba mbili mpya mahali ambapo si maskani, kwa mama ntilie, kwa bodaboda unayemwamini, popote. Na kama siku hiyo bomba hakuna, kuvuta kwa moshi au kunusa kuna madhara yake lakini hakukupi damu ya mtu, mradi hamchangii mrija wa kunusia. Nimewaona wanaorudi kwenye kuvuta kwa siku mbili tatu mpaka wapate bomba, inawezekana.

Kuna kitu kingine kinatoka kwenye arosto, lazima nikiseme japo kinatisha. Dar es Salaam watafiti walikiripoti mwaka 2005, hasa kwa wanawake: aliyepata unga anajidunga, anavuta damu yake kwenye bomba, anampa mwenzake asiye na hela ajidunge ile damu ili apunguze arosto. Waliita flashblood. Wanaofanya wanaona ni huruma, na ni huruma kweli, mtu anamwonea mwenzake uchungu. Ila kwenye damu ile unga uliobaki ni kidogo mno, hautoi arosto, unachopata ni VVU na homa ya ini moja kwa moja kwenye mshipa kwa kipimo kikubwa, tena damu zisipoendana mwili unaweza kupata mshtuko mbaya. Unataka kumsaidia mwenzako? Mwachie fungu kavu kwenye karatasi.

HATUA YA 4: Umeshachangia jana? Saa zinahesabika

Kama kuna tukio, umetumia bomba la mtu, au umechomwa na sindano ya mtu, kuna dawa za kuzuia VVU zinaitwa PEP. Zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72, na sio kwamba una siku tatu za kutafakari, kila saa inavyopita nguvu inapungua, nenda leo. Zinamezwa siku 28 bila kuruka. Zinapatikana kwenye hospitali na vituo vya afya vyenye kliniki ya VVU, Tanzania wanaita CTC. Usiku ukifika, nenda mapokezi ya dharura. Watakupima kwanza, ukiwa tayari una VVU utaingia kwenye matibabu ya kawaida.

Sema ukweli. Najua unaogopa. Nilimsindikiza kijana kwenye kituo kimoja, nesi akauliza kwa sauti ya kusikika foleni nzima, "kwani nani alikutuma ujidunge?", kijana akageuka anataka kuondoka, tukakaa nje nusu saa, tukarudi kwa mganga mwingine, akapewa. Kama unaweza, nenda na mtu, mwelimishaji rika au ndugu. Mtu wa pili akiwepo, lugha inabadilika.

PEP ni ya VVU tu, homa ya ini C haina dawa ya namna hiyo. Kwa homa ya ini B, kama hujachanjwa, omba chanjo hapo hapo, haraka.

HATUA YA 5: Pima, na ujue unaomba kipimo gani

Ukienda ukasema "nataka kupima" watakupima VVU watakuaga. Taja mwenyewe: VVU, homa ya ini B, homa ya ini C. Ongeza kaswende na TB kwasababu zinatembea na watu hawa hawa.

Tatizo la kwanza ni mishipa. Mtu aliyejidunga miaka mingi mishipa ya mikono imezama, na wengi wanakimbia maabara kwasababu wameshatobolewa mara sita na mtu anayewasonya. Vipimo vya haraka vya vyote vitatu vinahitaji tone la kidole tu. Ikibidi damu ya mshipa, mwambie mtoa damu mshipa gani bado unafanya kazi, we ndo unaujua mwili wako kuliko yeye, omba atumie sindano ndogo, kunywa maji mengi kabla hujaenda.

Tatizo la pili ni muda. Ukichangia leo ukapima kesho, kipimo hakitaona kitu. Kwa VVU rudi mpaka miezi mitatu ipite ndo uwe na uhakika. Kwa C, kinga, yani zile alama mwili unazotengeneza ukikutana na kirusi, zinaanza kuonekana kwa wengi baada ya miezi miwili mitatu, na inaweza kufika sita. Kama unaendelea kujidunga, pima kila miezi sita, iwe kama ratiba.

Tatizo la tatu ndo linalochanganya watu mpaka leo. Kipimo cha haraka cha homa ya ini C kinatafuta kinga, sio kirusi. Kikisoma ndiyo maana yake umewahi kukutana na kirusi. Kati ya watu watatu hivi walioambukizwa, mmoja mwili wake unakifukuza wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa, na bado kipimo cha haraka kitaendelea kusoma ndiyo maisha yake yote. Kwahiyo usilie na usikate tamaa kwa kipimo cha kwanza, omba cha pili, kinachopima kirusi chenyewe kwenye damu. Hicho kinaweza kufanyika kwenye mashine ya GeneXpert, ile ile wanayopimia makohozi ya TB, na mashine hizo ziko hospitali nyingi, kinachokosekana mara nyingi ni katriji za homa ya ini, yani vile vikasha vya kipimo vinavyoingizwa kwenye mashine. Uliza hivyo hivyo, "mna katriji za C?", utaona mtu wa maabara anakuangalia vingine.

HATUA YA 6: Chanja homa ya ini B

Hii fupi. Chanjo ipo, ni dozi tatu, ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu baada ya miezi sita, na kwa watu wanaohamahama kuna ratiba ya haraka ya siku ya 0, 7 na 21 alafu ya kuimarisha baada ya mwaka. Watoto wa Tanzania na Kenya wanaipata kwenye chanjo za kawaida tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwahiyo kama umezaliwa kabla ya hapo chukulia hujachanjwa. Ukisahau dozi ya pili usianze upya, endelea ulipoishia. C haina chanjo, VVU haina chanjo.

HATUA YA 7: Ukikutwa nacho

Homa ya ini C inapona. Narudia maana bado kuna watu, hadi wahudumu, wanasema haina dawa. Zamani ilikuwa sindano za mwaka mzima zenye kuumiza na kupona ilikuwa bahati, siku hizi ni vidonge, mara nyingi sofosbuvir pamoja na daclatasvir, wiki 12, na zaidi ya asilimia 95 wanapona. Na usikubali mtu akwambie "acha kwanza unga ndo tukutibu", Shirika la Afya Duniani linasema wanaojidunga watibiwe. Kenya, Nairobi na Pwani, walijaribu kuwapa watu vidonge pale pale kwenye dirisha la methadoni (dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga), anakunywa methadoni yake anameza na kidonge cha ini, na walio wengi sana wakapona. Ugumu ni upatikanaji, anza na hospitali ya rufaa au kliniki ya methadoni iliyo karibu, wao ndo wanajua dawa ziko wapi.

Kabla ya kuanza dawa ya C lazima upimwe B, kwasababu kutibu C kunaweza kuamsha B iliyolala. Na ukishapona C hujalindwa, unaweza kuambukizwa tena wiki inayofuata kwa kizibo kile kile.

Homa ya ini B haiponi kirahisi ila inadhibitiwa, wengine hawahitaji dawa, wanafuatiliwa tu. Mwenye VVU na B pamoja ana nafuu moja, vile vidonge vya kawaida vya VVU vyenye tenofovir na lamivudine vinashika vyote viwili. Lakini ndo maana usiache ghafla, ukiacha B inaweza kulipuka ini likavimba.

Ukiwa kwenye methadoni, taja kila dawa nyingine unayopewa. Rifampicin ya TB inaishusha methadoni mwilini, unaanza kupata arosto kama mtu aliyekosa dozi, unadhani umepunguziwa, unarudi kwenye bomba. Sio wewe wala nesi, ni dawa ya TB, waambie wakuongezee dozi. Efavirenz na nevirapine, dawa za VVU, nazo zinafanya hivyo, dolutegravir ya VVU haina shida hiyo. Rifampicin pia haiendi na sofosbuvir, kwahiyo kawaida TB inamalizwa kwanza.

Alafu pombe. Mtu mwenye C akipunguza unga akahamia gongo, ini linaenda mbio zaidi. Na zile dawa za miti shamba za "kusafisha ini" wanazouza stendi, ziache. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, tumbo likajaa maji, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

HATUA YA 8: Methadoni

Mtu anayekunywa dozi yake kila asubuhi hana haja ya kizibo. Muhimbili walianza Februari 2011, baadae Mwananyamala na Temeke, Zanzibar Kidongo Chekundu mwaka 2015, na mikoa mingine ikafuata, Kenya ikaanza mwishoni mwa 2014 pale Mathari Nairobi alafu Malindi na Mombasa. Ni dawa ya kunywa, bure, mbele ya mhudumu. Kwa kawaida unaingia kupitia asasi zinazofanya kazi maskani, wanakuandikisha, mnahudhuria vikao, mara nyingi wanataka uje na ndugu. Usumbufu wake ni nauli ya kila siku, nisidanganye, watu wengi wanaacha kwasababu ya nauli kuliko kwasababu ya unga. Kama we ni familia na unataka kusaidia kwa hela, lipa nauli.

Kidogo kuhusu majipu: sehemu uliyodunga ikivimba, ikawa nyekundu na moto, usikamue wala usichome na sindano nyingine. Ukiwa na homa isiyoisha, pumzi fupi na jasho la usiku, bakteria wanaweza kuwa wamefika kwenye moyo, hiyo sio malaria, mwambie daktari kwamba unajidunga asije akakupa mseto akakurudisha nyumbani.

NYUMBANI

Mama, sahani na kikombe chake usivitenge. Hakuna kati ya hizi tatu inayopita kwenye chakula, kukumbatiana, wala choo. Vinavyotengwa ni wembe, mashine ya kunyolea, mswaki, kikatia kucha. Mwenza wake apime, atumie kondomu, achanjwe B, na kama ni mjamzito apime B mapema ili mtoto achanjwe mara tu akizaliwa.

Mtoto akichomwa na sindano uani, usikamue kidonda, usinyonye, usimwagie Jik. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya PEP na chanjo ya B.

Na sindano zilizotumika zisiende chooni wala jalalani, kwasababu waokota makopo wanafungua kila chupa. Tafuta chupa ngumu, ile ya Jik yenyewe au dumu la mafuta ya kula la lita moja, sio chupa laini ya maji ya kunywa maana sindano inatoboa. Tumbukiza bomba zima ncha ikitangulia, usirudishie kifuniko cha sindano kwa mikono miwili, wengi wanajichoma hapo. Ikifika robo tatu funga, zungushia plasta, andika SINDANO kwa maka nyekundu, ipeleke kituo cha afya. Mapokezi wakikushangaa, mtafute mtu wa usafi, yeye ndo anajua lile boksi la njano la sindano liko chumba gani.